Panga mirathi yako ungali hai: mwongozo kwa familia za Unguja na Pemba

Mafungu ya mirathi hayana wa kuyabuni. Yameshatajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176, na kadhi akiletewa orodha kamili ya warithi na mali anaweza kuyapiga hesabu asubuhi moja. Hata hivyo kesi za mirathi zinakaa miaka, ndugu wa tumbo moja wanasusiana hadi maziko, na nyumba za Mji Mkongwe zinamwagika chokaa ukuta kwa ukuta huku kila mrithi akimngoja mwenzake aanze kutengeneza. Wanaogombana mara chache hugombania thumni (moja ya nane) au sudusi (moja ya sita). Hugombania kipi khasa kilikuwa cha marehemu, nani alikuwa mkewe siku aliyofariki, alikuwa akidaiwa nini, na kwa nini mali ya babu haikugawiwa tangu warithi wakiwa watano.

Majibu ya maswali hayo anayo mwenye mali, na akishazikwa hapana wa kuulizwa tena. Kwa hivyo kazi kubwa ya mirathi ni yake yeye, akiwa hai na akili zake timamu. Hapa naeleza namna ya kuifanya kwa familia zetu za visiwani, ambazo nyingi ni za Kiislamu na zinafuata madhehebu ya Shafi. Ndugu zetu wa Ibadhi watakuta mengi ni yale yale, na penye tofauti wamuulize sheikh wao. Wasio Waislamu wana sehemu yao karibu na mwisho.

Kwanza daftari, wasia baadaye

Watu wakisikia kupanga mirathi hukimbilia kuandika wasia. Wasia ni ukurasa mmoja au miwili. Kinachookoa familia ni daftari la mali. Chukua daftari la skuli, lenye jalada gumu likipatikana, na kila mali uipe ukurasa wake. Andika ni kitu gani, kipo shehia gani, kimepakana na nani pande zote nne, ulikipata vipi na mwaka gani, karatasi zake ziko wapi, na nani mwingine ana haki ndani yake. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Shamba, nyuma ya msikiti. Mashariki limepakana na shamba la ami, magharibi njia ya gari, kaskazini bonde la mpunga, kusini shamba la warithi wa jirani. Nimelinunua mwaka 1998 kwa pesa zangu mwenyewe. Mna mikarafuu 42. Kati ya hiyo, 11 ya upande wa bondeni ameipanda mdogo wangu kwa ruhusa yangu, ni yake. Minazi yote yangu. Waraka wa kununulia uko ndani ya mkoba mweusi, kabatini."

Iangalie ile mikarafuu 11. Huku kwetu miti inaweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwengine, na jambo hilo linajulikana kwa midomo zaidi kuliko kwa karatasi. Kama hukuliandika, mdogo wako atakuja msimu wa karafuu na wachumaji wake, watoto wako watamzuia, na kwa sheha hapatapatikana shahidi ila wazee wawili ambao kila mmoja anakumbuka vyake. Tembea shambani na mtoto wako mmoja pamoja na huyo mdogo wako, mwoneshane mti kwa mti. Na kama umeikodisha mikarafuu kabla ya msimu, andika aliyekodi ni nani, kwa misimu mingapi, na amelipa kiasi gani. Ukifa kabla ya mavuno mtu huyo ana haki yake, na warithi wasiojua watamwona mwizi.

Sasa ardhi yenyewe. Kwa sheria ya ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Rais, na wewe ulichonacho ni haki ya matumizi, haki inayoweza kurithiwa. Wengine wana hati kutoka Kamisheni ya Ardhi. Wengi zaidi wana waraka wa mkono tu, umeandikwa mbele ya sheha na mashahidi, wino umefifia. Kama wako ni wa namna hiyo na mashahidi wangali hai, nenda nao ukafuatilie usajili mwaka huu. Usingoje mauti yakuache na waraka wenye majina ya watu waliokwisha kuzikwa wote, muuzaji na mashahidi.

Eka tatu zina hukumu zake. Ni mashamba yaliyotolewa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na hayaandikwi kama shamba ulilolinunua sokoni. Chukua karatasi aliyopewa mzee wako, uende nayo Kamisheni ya Ardhi, uulize shamba hilo lipo kwa jina la nani na linahamishwa vipi kwa warithi, kisha jibu ulilopewa liandike katika ukurasa wake.

Wenye vipande vya pwani, kuanzia Nungwi mpaka Jambiani, wana haraka kuliko wote. Kipande ambacho zamani kilifungiwa mbuzi leo kinatakiwa na watu wa mahoteli, na mrithi mmoja mwenye ujasiri anatosha kutia saini kwa niaba ya ndugu ambao hata hawajaambiwa. Ardhi iliyosajiliwa, yenye mipaka iliyopimwa, ni ngumu kuuzwa kwa siri.

Jambo dogo ambalo hukwamisha mirathi miezi mizima ni majina. Waraka wa nyumba umeandikwa Hadija, kitambulisho kinasema Khadija, cheti cha ndoa kina jina la babu na daftari la benki halina. Weka karatasi zako zote juu ya meza, soma majina kimoja baada ya kimoja, na pasipolingana kafanye marekebisho wewe mwenyewe. Wewe ukienda na kitambulisho chako hapana wa kukukatalia kuwa ni wewe. Watoto wako wakienda baada yako watatakiwa kuleta ushahidi.

Yaliyobaki yaandike kwa ufupi: akaunti za benki, mafao ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), pesa za kwenye simu, hisa za ushirika, zamu yako ya upatu, ng'ombe na walipofungwa, chombo na sehemu yako katika chombo. Hakikisha majina ya wategemezi uliyojaza kazini miaka ya nyuma bado ni sahihi, maana wapo waliomwacha mke tangu zamani na jina lake bado limo. Namba ya siri ya simu au ya kadi ya benki usiiandike. Pesa za marehemu ni za warithi wote tangu roho ilipotoka, na anayezitoa kwa siri usiku ule ule, hata kwa nia ya kununua sanda, ameanzisha ugomvi.

Toa kisichokuwa chako

Mali inayogawiwa ni ya marehemu peke yake. Hapa ndipo wanawake wetu wanapodhulumiwa zaidi, na mara nyingi wanaowadhulumu hawana hata habari.

Akina mama wengi wameuza dhahabu zao za harusi kununulia matofali, mabati na saruji. Nyumba ikaandikwa jina la mume. Mume akifariki, nyumba nzima inahesabiwa kuwa yake, na mke aliyetoa nusu ya gharama anaambiwa fungu lake ni thumni, na kama wake ni wawili hiyo thumni waigawane. Sheria ya mirathi haikumwonea. Aliyemwonea ni mume aliyenyamaza. Basi kaeni mke na mume, mkubaliane kile alichotoa kilikuwa nini: zawadi, mkopo, au ushirika? Kama ni mkopo, uingie katika ukurasa wa madeni. Kama ni ushirika, andikeni nyumba ni ya wawili na kila mmoja ana sehemu gani, mtie saini mbele ya mashahidi, na ikiwezekana hati ibebe majina yote mawili. Vyombo vya ndani navyo mvigawe kwa maandishi. Kitanda cha samadari alichokuja nacho bibi harusi kimewahi kufikishwa kwa kadhi.

Vivyo hivyo kwa ndugu mlionunua pamoja shamba likaandikwa jina la mkubwa, na kwa kijana aliyejenga nyumba juu ya kiwanja cha baba yake. Baba, sema wazi: umempa kiwanja, umemwazima, au umemuuzia? Ukikaa kimya, siku ya kugawa dada zake watadai fungu lao katika kiwanja, naye atakuwa amekwishamimina zege.

Halafu ipo mali ya babu ambayo haijagawiwa. Tuchukue nyumba moja. Babu amefariki, ameacha mke, watoto watatu wa kiume na mmoja wa kike. Hesabu yake ni nyepesi: mafungu 8, bibi 1, binti 1, kila kijana 2. Wakasema tusubiri, bibi angali hai, si vizuri. Miaka ikapita, kijana mmoja akafariki, ameacha mke, mama yake ambaye ni yule yule bibi, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Sasa ili kila mtu apate haki yake kamili nyumba hiyo lazima ihesabiwe kwa mafungu 288, na mjane wa yule kijana ana 9 kati yake. Na hapo amekufa mmoja tu. Akifuata bibi, kisha binti aliyeolewa Mombasa, kisha mwengine aliyehamia Maskati, kadhi anahitaji karatasi ndefu na vyeti vya kifo vya nchi tatu.

Kama umo katika nyumba ya namna hiyo, fungu lako ndani yake ni sehemu ya mirathi yako na litawashukia wanao. Itisha ndugu mkagawe sasa. Walio nje wapeleke hati ya uwakala kwa mtu mmoja wanayemwamini. Nyumba isiyokatika iuzwe igawiwe pesa, au mmoja awanunue wenziwe kwa bei ya soko, kwa awamu zilizoandikwa. Kumwachia anayekaa ndani aendelee kukaa ndiyo njia inayopendwa, kwa sababu haina maneno mwaka huu.

Ukurasa wa madeni

Kabla ya mtu yeyote kurithi, mali inatoa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia. Deni ulilolificha litawatia aibu wanao msikitini, pale imamu anapouliza nani anamdai marehemu. Andika unayemdai na anayekudai, kiasi, na kama pana maandishi. Mkopo wa benki ulizia kama una bima ya kifo. Familia nyingi zimelipa mkopo uliokuwa umekwisha kulipiwa na bima, kwa kutojua tu.

Deni linalosahauliwa na wanaume wengi ni mahari. Kama ulioa kwa mahari ya kulipa baadaye na hukuimaliza, mkeo anakudai, naye anaingia katika safu ya wadai kabla hajafika katika safu ya warithi. Haki za Mwenyezi Mungu nazo zimo: zaka iliyokwama, kafara, na Hija kwa aliyekuwa na uwezo akachelewa mpaka akafariki. Amana za watu uzipe ukurasa wake peke yake. Jirani aliyekuwekea bangili zake hana njia ya kuthibitisha kuwa si za mkeo ila maandishi yako.

Warithi wako ni nani?

Andika wake, watoto, wazazi walio hai, ndugu. Weka pamoja vyeti vya ndoa, talaka na kuzaliwa. Vilivyopotea vifuatilie kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar.

Talaka isiyoandikwa ni hatari kubwa. Mwanamume anatamka kwa hasira, anarejea kwa siri au harejei, na siku ya maziko wanakaa ndani wanawake wawili, kila mmoja amejifunika kanga ya ujane. Aliyeachwa talaka rejea na yungali ndani ya eda anarithi. Eda ikishamalizika bila ya kurejewa, harithi. Tofauti ya hukumu hizo mbili inaweza kuwa siku moja, kwa hivyo tarehe iandikwe na isajiliwe.

Kisha wajue wasiorithi, maana hao ndio wasia uliowekewa: mtoto wa kulea, mtoto wa mkeo kwa mume mwengine, ndugu wa kunyonya, na mjukuu ambaye mzazi wake ametangulia wakati wewe una mtoto wa kiume aliye hai. Huyu wa mwisho unamwona kila siku uani kwako, unamlipia madaftari, na siku ya kugawa anapita mikono mitupu.

Kuandika wasia

Katika Hadithi ya Ibn Umar, Mtume (S.A.W.) amesema haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Mipaka yake ni miwili. Usizidi thuluthi, yaani moja ya tatu, ya mali inayobaki baada ya madeni, na hata hiyo thuluthi aliambiwa Saad bin Abi Waqqas kuwa ni nyingi. Wala usimuusie anayerithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Kumwandikia kijana mpenzi nyumba nzima katika wasia hakumsaidii kitu. Kunamtia adui kwa ndugu zake na karatasi haifanyi kazi.

Tuone kwa pesa. Mtu wa Wete amefariki, mali yake yote ina thamani ya shilingi milioni 51. Maziko, deni la dukani na mahari iliyobakia ni milioni 3. Zinabaki milioni 48, na thuluthi yake ni milioni 16. Yeye ameusia milioni 12 ziende kwa mjukuu wake, mtoto wa binti aliyetangulia. Wasia umo ndani ya mpaka, unatoka wote, zinabaki milioni 36. Mke anapata thumni, 4,500,000. Mama mzazi sudusi, 6,000,000. Zilizobaki ni 25,500,000, kwa mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike: kijana 12,750,000, kila binti 6,375,000. Pasingekuwapo wasia ule, yatima asingepata hata thumni ya shilingi, na wenziwe wangeongezewa kila mmoja kwa kiasi chake.

Maneno ya wasia yawe mepesi. Namna hii inatosha:

"Bismillahir Rahmanir Rahim. Mimi (jina kamili kama lilivyo katika kitambulisho), mkaazi wa shehia ya ..., nikiwa na akili zangu timamu na bila ya kulazimishwa, nausia haya. Nilipiwe madeni yangu yaliyomo katika daftari langu la mali, ikiwemo mahari ya mke wangu. Katika thuluthi ya mali yangu apewe mjukuu wangu ... shilingi ..., na msikiti wa ... shilingi ... Wasii wangu ni ..., akishindwa awe ... Watoto wangu wadogo nawausia kwa ... Mali iliyobaki igawiwe kwa warithi wangu kwa sheria ya Kiislamu. Wasia wowote wa kabla ya huu nimeufuta." Kisha tarehe, saini au dole gumba, na mashahidi wawili waadilifu ambao hawamo katika wanaousiwa. Mpe kadhi au wakili aupitie wasia huo kabla ya kutia saini.

Kuhusu wasii, yaani atakayesimamia wasia wako: usimchague kwa sauti wala kwa kuwa ni mkubwa. Tafuta mwenye kuweka hesabu, anayeweza kumwambia ami yake "hapana" kwa adabu, na anayekaa karibu. Mwanamke anafaa kabisa. Sayyidna Umar alimwachia binti yake Hafsa usimamizi wa wakfu wake. Nakala moja iwe kwa wasii, moja kwako, moja kwa wakili au mtu wa tatu, na familia ijue wasia upo na uko kwa nani, hata kama hawajui yaliyomo.

Ukitaka kutoa zaidi, toa ungali hai

Aliye hai na mzima ana nafasi pana. Anaweza kutoa hiba, yaani zawadi ya mali akiwa hai, na hiba haifungwi na thuluthi. Ila hiba hukamilika kwa kukabidhi. Ukimwandikia binti yako nyumba ya kupangisha kisha wewe ukaendelea kukusanya kodi, kushika funguo na kulipa mafundi, ndugu zake watasema hukumpa, na huenda wakasikilizwa. Mpe funguo, wapangaji waambiwe mbele yako kuwa mwenye nyumba sasa ni yeye, na jina libadilishwe katika hati. Uliyotoa ukiwa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, kwa hivyo usingoje kulazwa. Na ukitoa kwa watoto, kumbuka Mtume (S.A.W.) alivyokataa kumshuhudilia baba yake Nuuman bin Bashir alipompa mtoto mmoja akawanyima wenziwe. Mwenye ulemavu au aliyekuuguza miaka anaweza kuwa na sababu ya kuongezewa. Sababu hiyo waambie wenziwe kwa mdomo wako.

Wakfu unafaa kwa mali usiyotaka iuzwe: kisima, madrasa, shamba ambalo mazao yake yasomeshe watoto wa ukoo. Uandike masharti yake vizuri na upeleke taarifa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, taasisi iliyopo kwa sheria Namba 2 ya mwaka 2007. Lakini shamba dogo la warithi wengi wenye shida usilitie wakfu ili tu jina lako libaki.

Namna ya kuwaambia wazee

Watoto wengi wanaliona jambo hili lakini wanaogopa. Ukimwambia mzee "tuandike mirathi" anasikia kuwa umeanza kumhesabia siku. Mlango mzuri ni haki ya mtu mwengine.

"Baba, nakuomba radhi. Kile kipande cha Ole siijui mipaka yake, na nasikia mna miti ya ami."

"Unanipigia hesabu?"

"Hasha, baba. Nachelea haki ya ami isije ikapotelea mikononi mwetu, tukaja kuulizwa sisi."

Mzee akinyamaza, mwache. Siku nyingine atakwambia mwenyewe, "Njoo na hilo daftari lako." Anza wewe kuandika lako, akuone.

Siku za mwanzo baada ya mauti

Familia ifanye machache. Kipatikane cheti cha kifo. Daftari na wasia vifunguliwe mbele ya warithi wote au wawakilishi wao. Mjane asisumbuliwe nyumbani katika eda yake ya miezi minne na siku kumi. Kisha, pamoja na barua ya sheha na vyeti, wasii aende Mahakama ya Kadhi, inayofanya kazi kwa sheria Namba 9 ya mwaka 2017, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wathibitishwe warithi na mali igawiwe kwa maandishi. Hata familia inayopendana iende. Mapenzi ya ndugu hayabadilishi jina katika hati.

Mawili hapa sipendi kuyapitia kwa haraka. Hitma na arubaini zisitolewe katika mali kabla ya kugawiwa ikiwa wamo mayatima. Anayetaka kulisha watu alishe kwa fungu lake, maana fungu la mtoto mdogo hana ruhusa mtu mzima yeyote kulisamehe. La pili ni kusameheshwa kwa akina dada. Dada anakalishwa katikati ya kaka zake, anaambiwa "wewe una mumeo, shamba liachie ukoo," naye kwa haya anasema nimesamehe. Hilo halina radhi ndani yake. Dada apewe kwanza fungu lake mkononi, likiwa na karatasi yenye jina lake. Akitaka kumpa kaka yake baada ya mwaka, ni lake, atatoa.

Wasio Waislamu

Mkristo au mtu wa dini nyingine anayekaa Zanzibar hapiti kwa kadhi; mirathi yake inasimamiwa na mahakama za kawaida. Daftari ni lile lile, na wasia wake umtaje kwa jina atakayesimamia, uwe na mashahidi wawili wasionufaika nao, kwa sababu mahakama itataka kuuthibitisha kabla ya kumpa msimamizi mamlaka. Penye ndoa ya dini mbili, muone wakili mapema: mume na mke wa dini tofauti hawarithiani kwa sheria ya Kiislamu, na njia iliyobaki ni hiba na thuluthi.

Kila Shaaban, unapopiga hesabu ya zaka, toa daftari ulipitie. Futa ulichouza, ongeza ulichonunua, andika deni ulilolipa na tarehe yake. Wasia uubadilishe ukipata mtoto, ukioa, ukiacha, au wasii akifariki. Ukiandika mpya, zikusanye nakala za zamani kutoka kwa kila aliyepewa, uzichane mbele ya mashahidi wale wale.